Kamati ya Kiboko ya Kutafuta Chanzo cha Njaa

Niwape ngano?
(Tupe!)
Nasema, niwape?
(Tupe, masikio yetu yako wazi!)
Mmekula?
(Bado!)
Vizuri sana. Basi leo hakuna wa kunisinzia.

Palikuwa na nchi ya wanyama, na nchi ile ilikuwa na njaa. Lakini msiwahurumie haraka, maana walikuwa na Mwenyekiti wa Kilimo. Naye ni Kiboko. Jembe hakuwahi kulishika, na shamba alilijua kwa kulikanyaga tu. Ila tumbo alikuwa nalo, na hilo lilitosha kumpa cheo.

Mbegu za mtama za nchi nzima zilikaa kwenye ghala moja, kwa usalama. Kiboko alilala mlangoni, kwa usalama. Na kila asubuhi alionja debe zima, bwaku! bwaku!, kwa usalama vilevile.

Kila wiki aliitisha kikao.

"Chanzo cha njaa ni nini?"

"Ukame," alisema Ngiri, akitazama chini.

"Andikeni! Leteni chakula cha wajumbe."

Mjumbe alikuwa yeye peke yake. Bwaku! Bwaku!

Wiki ya pili:

"Chanzo cha njaa ni nini?"

"Nzige," alisema Bi Swala, ambaye watoto wake walikuwa wakitafuna magome ya miti.

"Andikeni! Leteni chakula cha wajumbe."

Bwaku! Bwaku!

Wiki ya tatu mawingu yakaanza kukusanyika. Mvua ikizikuta mbegu ghalani, basi ni mwaka mwingine wa magome. Kindi, mama wa mapacha, mdogo kuliko kwato la Kiboko, akaenda mlangoni mwa ghala.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kama unataka mbegu, rudi. Uchunguzi haujakamilika."

"Mbegu za nini, Mheshimiwa? Nimekuletea siri. Kuna wageni wanakuja na msaada, magunia kwa magunia! Lakini wanajaza ghala tupu tu. Wakikuta hata punje moja, wanageuza."

Kiboko akageuka kutazama ghala.

"Nitazila zote leo!"

"Wakukute umevimbiwa? Watasema hapa hakuna njaa. Tuzifiche ardhini, Mheshimiwa. Sisi kindi ndivyo tunavyoficha, kila punje na shimo lake. Wakiondoka, tunakufukulia."

"Akili hiyo! Mbona hukuisema kikaoni?"

"Sikuwa mjumbe."

Kiboko akanguruma: "Ficheni zote! Atakayebakiza punje, nitamkanyaga!"

Wanyama wakachimba, tifu! tifu! tifu! Tangu nchi iwe nchi, hawakuwahi kutii amri kwa furaha namna ile. Kesho yake mvua ikaanza, to! to! to!

Kiboko akakaa mlangoni kungoja wageni, amebana tumbo. Hakula hata jani, wasije wakamkuta ameshiba.

"Wamefika?"

"Wako njiani, Mheshimiwa."

Mtama ukachipua.

"Wamefika? Na haya majani ni ya nini?"

"Wako njiani. Hayo ni magugu tu, Mheshimiwa."

Mwenyekiti wa Kilimo akaridhika.

Magugu yakatoa masuke. Wanyama wakavuna, kila mmoja akapeleka mavuno kwake. Vinu vikalia tu! tu! tu!, na harufu ya ugali ikafika mlangoni mwa ghala. Hapo Kiboko akaelewa. Ngozi ilikuwa inamning'inia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake njaa ilikuwa inamuuma yeye.

Akaitisha kikao cha dharura: "Chanzo cha shibe ni nini?"

Hakuja mtu. Walikuwa wanakula.

Ngano yangu nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Na funzo lake? Njaa huletwa na ukame, nzige, na wanyama wasiohudhuria vikao. Wenyeviti hawahusiki hata kidogo. Andikeni!

Halafu leteni chakula cha msimulizi.