Gari la Magamba na Gogo la Darajani

Paukwa!

Pakawa!

Hao ni watoto tu. Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumetimia, twendeni.

Zamani, zamani za kale hasa, wanyama walikuwa na magari. Ndiyo, magari, usicheke. Fundi alikuwa Ngiri, na gari la Ngiri lilikula mafuta. Likitembea linasema ngururu, ngururu, puu! Semeni nanyi. Ngururu, ngururu, puu! Moshi mweusi, vumbi, na bei yake kali. Walipanda wakubwa. Wadogo walitembea kwa miguu.

Ng'ambo ya mto alikaa Kakakuona. Yeye alitazama magamba ya mwili wake, akaunda gari lenye magamba. Asubuhi analianika, magamba yanakunywa jua, likishiba linaondoka. Mafuta halitaki. Moshi halina. Na sauti je? Sikilizeni.

Mmesikia? Ndiyo hiyo hiyo. Kimya.

Na bei ilikuwa ndogo, ndogo mpaka Panya akaanza kupima miguu yake kama itafika chini akiendesha.

Kakakuona akavusha gari moja ili walione. Wadogo wakalizunguka, wakalipapasa. Ngiri akaona wateja wanamtoka. Akaitisha baraza, akauliza, "Jamani, ni nani hapa porini anayetembea bila sauti?"

Kila mmoja alijua. Chui.

"Basi anayetuletea gari lisilo na sauti anatuzoesha kimya cha Chui."

Sasa, palikuwa na Digidigi, mama kijana, na mtoto wake wa kwanza, Tunu, bado ananyonya. Jani likianguka, Digidigi keshafika mbali. Kusikia Chui tu, akanyanyua mguu wa kwanza kabisa, hata hajaulizwa, lifungiwe, lifungiwe, mimi nina mtoto. Na wengine wakanyanyua. Gari likarudishwa ng'ambo. Gogo likalazwa darajani, Punda akawekwa mlinzi, ikatangazwa kuwa gari la magamba likitaka kupita lilipiwe ushuru mara nne ya bei yake. Nani angelinunua tena? Kakakuona hakugombana. Aliliacha pale pale nyuma ya gogo, juani, akaenda kwake.

Siku zikapita, Tunu akashikwa na homa. Mwili moto, macho yamelegea, ziwa hataki. Dawa iko kwa Bibi Kobe, na kwa Bibi Kobe ni mbali, mpaka upite kichaka cha Chui. Digidigi akakimbilia kwa Ngiri, Ngiri ameshatoka na gari lake. Akakimbilia darajani.

"Shemeji Punda, niazime hilo gari, mtoto ananiishia, hata kulia halii tena, nitalirudisha, nakuomba."

"Mama Tunu, si wewe uliyenyanyua mguu wa kwanza?"

"Ni mimi."

Punda akamtazama Tunu. Akasema ana kiu, anakwenda kunywa maji, na akinywa huwa hageuki nyuma. Na kumbe ametoka kunywa sasa hivi, tumbo linacheza chwaka, chwaka. Akaondoka, na mguu wake wa nyuma ukalisukuma gogo kama kwa bahati mbaya.

Digidigi akampakia Tunu, gari likaenda. Kimya. Moyo wake ndio uliopiga kelele, du, du, du, Chui yuko wapi, simsikii, hanisikii, simsikii, hanisikii. Hapo akashtuka.

Hanisikii.

Na kweli, Chui alikuwa amelala kichakani, masikio kayaelekeza upande mwingine. Kule mbali, ngururu, ngururu, puu! Chui akajinyoosha. "Chakula kinaniita," akasema, akaenda. Gari la magamba likapita nyuma ya mkia wake.

Bibi Kobe akaponda majani, Tunu akanywa, akatoka jasho, akalia, akataka ziwa. Hakuna kilio kilichowahi kuwa kitamu vile.

Wakati wa kurudi, nani huyo mbio njiani, mkia umesimama wima? Ngiri. Gari lake kaliacha, Chui kajilaza juu yake.

"Mama Tunu, nipakie."

Akaingia kinyumenyume, kama anavyoingia shimoni kwake.

Baraza likakaa tena. Digidigi akasimama, akasema, "Hofu ilikuwa yangu, lakini faida ilikuwa yako, Mzee Ngiri."

Ngiri akainama. "Na wanangu watakula nini?"

Kakakuona, aliyeitwa, akajibu kwamba mawe ya huku yamepasua magurudumu yake, na magurudumu ya Ngiri hayapasuki. Tuunde hapa hapa, wote wawili. Ngiri akafikiri, akakubali. Msumeno ukaletwa. Kwere, kwere, kwere! Gogo la darajani likakatwa magurudumu.

Digidigi akaomba jambo moja tu. Kijijini gari livalishwe njuga, watoto walisikie wapishe. Porini livuliwe.

Basi, wanangu, na nyinyi wa ukutani: usimfungie jirani njia kwa hofu uliyotiwa na mwingine. Kwanza uliza hofu hiyo inamlisha nani.

Hadithi yangu imefika darajani, na imeishia hapo. Anayetaka kuvuka avuke, gogo halipo.