Mwamba wa Bi Mize

Usiutukane mwamba, wimbi liko nyuma yake. Shangazi yenu amewaambia hivyo mliporudi kuogelea mkinung'unika kuwa mwamba umewakata miguu, na sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Shaali, funga mdomo kidogo, masikio yapate nafasi.

Ulianzia hapo hapo mnapoogelea. Ufukwe wetu ni mdogo, na mwamba umeuzunguka, ukaacha mlango mmoja tu wa kupitia maji. Ndani maji yametulia hata mtoto mchanga anaogeshwa. Nje mawimbi hayana simile.

Zamani aliishi hapa Bi Mize, mchapakazi, lakini ulimi wake pilipili. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kibibi. Siku ya Mwaka ilipofika, watu walikwenda kuoga mwaka, mikosi waiache baharini. Maji yalikuwa yanakupwa, yakawafika magotini.

"Mwamba huu umetunyima bahari!" Bi Mize aliteta. "Kazi yake kutukata miguu tu. Kibibi, nenda kule mlangoni, kuna kina."

Wifi yake, Subira, akamwambia, "Wifi, jilazeni hapa hapa. Maji yanatoka sasa, kule yanavuta."

"Mwaka hauogwi kwa kujilaza kama pono!"

Kibibi akamtii mama yake. Mbizi ya kwanza tu, mkondo ukamkokota kuelekea nje. Akatapatapa, akaudaka ukingo wa mwamba, akaung'ang'ania.

"Mama, nakufa!"

"Usiachie, mwanangu! Nakuja!"

Bi Mize hakujua kuogelea. Njia ilikuwa moja, juu ya mwamba ule ule. Akakimbia peku, miiba ya wadudu wa mwambani ikimchoma, hadi akamshika mwanawe mkono na kumvuta juu. Wakakaa pale wakilia, mawimbi yakipasuka upande wa pili, wao wakifikiwa na rasharasha tu. Ndipo alipoiona kazi ambayo mwamba ule ulimfanyia tangu azaliwe.

Nyumbani, Subira alimtoa miiba nyayoni. Kila mmoja ulipotoka, Bi Mize alisema, "Alhamdulillahi."

"Leo miiba imekuwa tamu, wifi?" Subira akamtania.

"Tamu, wifi yangu. Bila mwamba ule, saa hizi ningekuwa nimekalia msiba." Akamkumbatia Kibibi, akashindwa kumwachia. "Namshukuru Mungu aliyeuweka pale, nami nikiutusi kila siku. Mwanangu, na wanao uje uwaambie: usiutukane mwamba, wimbi liko nyuma yake."