Kicheko Bila Chungu

"Kicheko bila chungu hakiivishi makande." Mmenisikia nikisema hivyo mlipomaliza kunisomea tangazo lenu la sabuni, mkanuna kidogo, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Sogezeni viti. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani Upare, udongo wa kufinyangia ulichimbwa katika shimo moja tu, na kila mfinyanzi alikuwa na mahali pake humo. Udongo mzuri ni mchache, kwa hiyo wanawake walijiwekea desturi: anayerudi na vyungu vyake vyote kutoka magulio matatu mfululizo, humwachia mwingine mahali pake. Nakunda alirithi mahali pake kwa mama yake. Alifinyanga vizuri kuliko wenzake, lakini sufuria zilipoingia gulioni, watu wakawa wanavipita vyungu vyake bila hata kuinama.

Shemeji yake, Kajiru, akajitolea kumnadia. Kajiru alikuwa na mdomo, jamani. Angeweza kuchekesha hata msibani, na mara mbili alifanya hivyo. Gulio la kwanza alisimulia habari za mzee aliyegombana na mbuzi wake akaenda kumshtaki barazani. Watu walijaa, wakacheka hadi wakashika mbavu, wakaondoka. Hakuna aliyenunua. Kajiru akasema hadithi ilikuwa fupi. Gulio la pili akairefusha, mbuzi akapewa nafasi ya kujitetea, na umati ukawa mara mbili. Vyungu vyote vikabaki.

Nakunda alimfuata bibi mmoja aliyekuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, mama. Hadithi imekupendeza?"

"Marahaba, mwanangu. Mbavu zinaniuma."

"Na vyungu je?"

Bibi akageuka kutazama alikotoka. "Vyungu vipi?"

Nakunda alirudi nyumbani amevunjika moyo. Lilibaki gulio moja tu kabla ya kupoteza mahali alipochimba mama yake.

Gulio la tatu, Kajiru alikuja na hadithi ya mbuzi mwingine. Nakunda akamwomba siku hiyo akae. Akaweka mbele ya watu chungu chake cha nyumbani, cheusi kwa masizi, kimefunikwa. Hakuwa msemaji. Akasimulia siku Kajiru aliponunua sufuria mpya, akatamba kwamba makande yake yataiva kabla ya yale ya shemeji yake. Akachochea moto mkali, akatoka kwenda kumwonyesha jirani mfuniko. Aliporudi, makande yamekuwa makaa. Akampa mbwa, mbwa akanusa, akamtazama usoni, akaenda zake. Kisha Kajiru akaja na sahani kwa shemeji yake, akapakuliwa mara tatu huku akisema anaonja tu.

Watu walicheka wakimtazama Kajiru, naye akainamisha kichwa. Hapo Nakunda akafunua chungu. Makande aliyoyaepua alfajiri yalikuwa bado yanatoa mvuke. Akawapa waonje.

Yule bibi wa kanga alikuwapo. Akala, akachukua chungu kipya, akakigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake. Akakinunua. Wengine wakafuata, na gulio lilipovunjika kilibaki kimoja tu, chenye mdomo uliopinda.

Kajiru, kwa kuwa hakuweza kujizuia, alimuuliza bibi ni hadithi ya nani iliyochekesha zaidi.

"Yako, baba," bibi akasema. "Lakini baada ya kuisikia nilirudi nyumbani kupika kwa sufuria yangu ileile. Kicheko bila chungu hakiivishi makande."

Basi, yule nyani anayeoga katika tangazo lenu amenichekesha, sikatai. Ila nimelisikiliza tangazo mara mbili na bado sijui sabuni yenu inanukia nini. Nakunda alikuwa mama yangu, na udongo wa vyungu vyangu nauchimba palepale alipochimba yeye. Kaandikeni upya, wajukuu zangu. Nyani abaki, lakini apakwe povu. Kicheko bila chungu hakiivishi makande.