Mawe ya Sikudhani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, Twiga alipokuwa bado na maneno mengi, aliishi kijiji cha Mbugani. Shingo yake ilipita mapaa yote, basi hakukuwa na ua asiouchungulia. Na kila jema aliloliona kwa jirani lilimchoma.

Asubuhi moja alichungulia, akaona kijiji kizima kimetoka msaragambo. Nguchiro kabeba jiwe, Ngiri kabeba jiwe, hata Kobe, mjumbe wao, anasukuma lake, puu! puu! Walikuwa wakipanga mawe bapa juu ya tope, kutoka kwa Digidigi mpaka mlango wa shule.

"Njia ya nani hiyo?" aliuliza Twiga.

"Ya Sikudhani binti Digidigi," alijibu Kobe. "Mguu wake mmoja umesinyaa tangu kuzaliwa. Topeni hapiti. Mwaka mzima hajasoma."

Twiga alihisi moto kifuani. Mwanawe Shomari alipita tope lile kila siku, tena wa kwanza darasani, na nani aliwahi kumwekea hata kokoto? Siku hiyo majani hayakumpita kooni.

Juma lililofuata akamsikia Sikudhani akienda shule na gongo lake, ko! ko! ko!, wenzake wakimzunguka kwa vicheko. Twiga akashindwa kuvumilia. Akaenda barazani.

"Kiguu kajengewa barabara ya kifalme!" alifoka. "Shomari wangu je? Na wenu je? Yang'oeni mawe!"

"Mama Shomari, mtoto ana jina," alisema Kobe.

Lakini wengine walikwisha kuanza kunung'unika. Mama Digidigi alimvuta bintiye karibu, maana mawe yakiondoka, masomo ya mtoto yamekwisha.

Twiga alimwona Sikudhani akiusugua mguu wake. "Analia," aliwaza, akafurahi. Mara mtoto akasimama.

"Shikamoo, Mama Shomari. Unasema kweli. Lakini msiyang'oe. Wekeni sheria: asipite pale ila anayechechemea. Wazima wote wapite topeni."

Ahaa! Moyoni Twiga alimwona tayari akipita peke yake kama mkiwa, bila wale wenzake wa vicheko.

"Naapa mbele yenu!" alisema. "Mzima asiyakanyage, mimi wa kwanza!"

Siku ya tatu, watoto wakiwa shuleni, mvua ikashuka, shwaaa! Na siku hiyo ndiyo Shomari alikuwa apewe zawadi mbele ya wazazi.

Twiga akatia mguu topeni. Chubwi! Ukazama mpaka gotini. Akatia mwingine. Chubwi! Akarudi nyuma. Wazazi wenzake walikuwa ukingoni vilevile, wakimkodolea macho yeye na kiapo chake. Juu ya mapaa akamwona Shomari uwanjani, anamtafuta kwa macho.

Ko! ko! ko! Sikudhani alikuja juu ya mawe.

"Mwanangu, nifanyeje?" Twiga alilia.

"Kunja mguu mmoja, mama. Chechemea."

"Mbele za watu?"

"Mimi nachechemea mbele za watu kila siku."

Twiga akakunja mguu. Hop! Shingo ikayumba huku. Hop! Ikayumba kule. Jasho likamtiririka. Shule nzima ikatoka kutazama.

"Polepole, Mama Shomari. Jiwe la tano linateleza."

Alipofika ng'ambo alikuwa akihema. Kumbe hata penye mawe ni kazi!

"Ulijuaje kama mvua itakuja?" aliuliza.

"Mguu huu huniuma siku mbili kabla ya mvua kubwa. Pale barazani mguu ulikuwa ukiniambia mvua inakuja. Wewe ulidhani nalia." Sikudhani akawageukia wazazi waliolowa kule ukingoni. "Sasa je, nao wachechemee?"

"Wapite," alisema Twiga kwa sauti ndogo. "Wapite wote. Ahsante, Kig..." Akameza mate. "Ahsante, Sikudhani binti Digidigi."

Tangu siku hiyo Twiga huchungulia tu, kusema hasemi.

Nanyi shikeni hili, watoto wangu: njia aliyojengewa mnyonge, usiionee kijicho, kwani siku ya tope utaiomba.