Harufu katika Gari la Mwalimu Zawena

Kila Ijumaa Diwani Makungu alikuwa akilichukua gari dogo la Mwalimu Zawena bila kuomba, naye mwalimu akienda sokoni kwa miguu. Ijumaa moja diwani alirudi ameziba pua.

"Mwalimu, gari lako linanuka kuungua!"

"Najua, Mheshimiwa. Fundi anasema hitilafu iko chini. Akiendesha mtu mwepesi, halina neno. Akiendesha mzito..." Zawena akalitazama tumbo la diwani, kisha akainamisha macho. "Lakini wewe chukua tu."

Diwani akamrushia ufunguo. "Hata bure silitaki!"

Alipotokomea, Zawena akaingia uvunguni mwa gari, akabandua kwenye bomba la moshi kipande cha kandambili alichokuwa amekifunga mwenyewe kwa waya.