Tundu la Ghala la Kisimandu

Hapo zamani, wakati mji mzima ulikuwa na ghala moja na aibu ya mtu mmoja ililiwa na mtaa mzima, palikuwa na mji uitwao Kisimandu. Watu wa Kisimandu walipenda kula, hilo tuliseme mapema, na kwa kuwa walijijua hawakuthubutu kukaa na mbegu majumbani mwao. Baada ya mavuno kila nyumba ilipeleka kanda moja la mpunga wa mbegu ghalani, likafungiwa humo mpaka masika. Hakuna aliyepanda kabla ya kugawiwa, na hakuna aliyegawiwa kabla ya siku yake.

Mwenye funguo alikuwa Mbaruku. Babu yake alizishika, baba yake akazishika, naye akazishika. Sharti lilikuwa moja. Ikipotea mbegu zaidi ya fungu la panya, yaani zile konzi chache ambazo mji uliwasamehe panya kila mwaka, mwenye kuzishika atarudisha funguo na kuhama yeye na watu wake. Kwa hiyo Mbaruku alikuwa mtu wa wasiwasi. Alifunga kufuli, akaenda hatua kumi, akarudi kulitikisa. Mkewe alisema hata mchuzi aliufunua mara mbili ndipo aamini kuwa samaki yumo.

Basi asubuhi moja Mbaruku akafungua kufuli la kwanza, akafungua la pili, akafungua la tatu, akasukuma mlango, akatoka kuku na vifaranga tisa.

Mbaruku aliyatazama makufuli yake matatu. Kuku haingii kwa ufunguo. Alikuwa kuku wa Bi Nunu, mama mtu mzima wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amemtafuta wiki tatu na kumshuku kila mtu mtaani, imamu akiwemo. Bi Nunu alipoitwa hakupiga kelele. Aliingia, akainama nyuma ya makanda ya ukuta wa kusini, akaona mwanga. Mawe ya chini yalikuwa yameachana, na tundu lilitosha kuku, lilitosha mbuzi, na lilimtosha hata mtu mwembamba akishusha pumzi kwanza.

"Mwanangu," akamwambia Mbaruku, "hili tumeliona mimi, wewe na kuku. Kuku hana wa kumwambia. Mwite fundi."

Akaja Fundi Shebwana. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Ukuta ule ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ikishachomwa hulazwa shimoni mpaka iive. Yake ilibakiza siku arobaini. Mbaruku akaomba udongo, fundi akakataa. Akaomba jiwe, fundi akakataa. Akaomba angalau gunia la mchanga.

"Jiwe la juu hapa linakaa kwa hisani tu," fundi akasema. "Ukilisukuma litashuka, na halitashuka peke yake. Leo una tundu, Mbaruku. Usitake kuwa na uwanja."

Hata hivyo hakuondoka bure. Alirudi alasiri na mzinga wa nyuki, akautundika nje, shibiri moja juu ya tundu. Nyuki wakaridhika na mahali. Wa kwanza kuumwa alikuwa Mbaruku, aliyekwenda kuhakikisha kama wanauma, akarudi kwake na jicho moja.

Kesho yake Bi Nunu akaomba funguo, eti akatafute mayai yaliyobaki. Akaingia na wakaza wanawe wawili wenye matenga kichwani, akakaa humo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mbaruku aliona vumbi likitoka mlangoni, akajiambia kuwa huenda mayai ni mengi.

Sasa, jicho lililovimba halifichiki. Ngwali, mpiga mbiu wa mji, aliliona, akauliza nyuki wametoka wapi, akazunguka nyuma ya ghala, akajionea. Na Kisimandu ilikuwa na ada yake: kasoro ya mali ya watu haifichwi zaidi ya siku saba. Mpiga mbiu akiificha, ananyang'anywa pembe yake. Mbaruku akamsihi asubiri chokaa iive. Akamwambia kuwa kuwatangazia watu ni kuwatangazia wezi. Ngwali akamjibu kwa upole kabisa:

"Wezi nao wana mbegu humo, ndugu yangu. Siku saba nakupa. Ya nane si yangu."

Kwa siku saba Mbaruku alimwombea Ngwali ashikwe na mafua. Siku ya nane Ngwali akapiga pembe sokoni akiwa na afya tele, naye hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Alisema ghala lina tundu. Alisema ni ukuta wa kusini, kimo cha muundi, nyuma ya mfenesi. Alisema upana wake, kisha akauonyesha kwa mikono kwa ajili ya wale waliosimama nyuma.

Mji ukachafuka. Wengine walitaka funguo zitwaliwe palepale. Jumbe Makame, ambaye hakupenda kelele kabla ya chakula cha mchana, akasimama na kutoa neno. Funguo zibaki kwa Mbaruku. Mbegu zikisalimika mpaka siku ya kugawiwa, yeye jumbe atatoa mtamba wake wa ng'ombe mwenye mimba kwa aliyeziokoa, na atakayemtaja mtu huyo ni Mbaruku mwenyewe, tena kabla kanda la kwanza halijatoka. Akitaja kwa upendeleo, atarudisha funguo na kuhama mji, kama aliyepoteza mbegu. Kila mtu aliridhika isipokuwa Mbaruku, ambaye alikuwa ameingia sokoni na shida moja na akatoka na mbili.

Tangu siku hiyo watu wakawa wanakwenda kulitazama tundu. Walikwenda kutazama, wakasimama, wakakaa. Muuza kahawa akahamishia jiko lake chini ya mfenesi. Wacheza bao wakahamia. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu msimu uliopita walikutana pale wakabishana juu ya tundu, mbali kidogo na nyuki. Mbaruku alianza kula akashiba.

Ikaja Ijumaa. Wanaume wako msikitini, wanawake wako arusini ng'ambo ya mji. Palikuwa na mtu akiitwa Machano, mwembamba kama ufito, aliyekula katika kila arusi chakula cha watu watatu bila kunenepa. Siku hiyo hakuonekana arusini, na hilo peke yake lilipaswa kuushtua mji. Machano alishusha pumzi, akapenya, akakumbata kanda la kwanza aliloligusa, akatoka nalo mbio huku nyuki wamemvaa.

Watu walipotoka kusali walisikia mayowe bwawani. Wakamkuta Machano ndani ya maji mpaka kidevuni, amelikumbatia kanda. Uso ulikuwa umevimba hata mama yake alimtambua kwa sauti. Wakalifungua kanda. Likatoa pumba, zikaelea.

Mbaruku alikimbia ghalani. Akafungua kanda la ukuta wa kusini: pumba. La pili: pumba. La tatu: pumba. Akaketi sakafuni akalia, na hakulia kwa siri. Alikuwa anawaza atahamia mji gani, na nani huko atampokea mtu aliyepoteza mbegu za mji, ndipo Bi Nunu akaingia, akamwambia apanguse kamasi na atazame ukuta wa kaskazini. Mpunga wote ulikuwa huko, kanda kwa kanda. Siku ile ya mayai ndiyo aliyouhamisha, akajaza pumba upande wa tundu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia wewe, uso wako ungewaambia wengine."

Chokaa ikaiva, tundu likazibwa. Mvua ya kwanza ya masika ikashuka, na mji mzima ukaja na makanda matupu. Jumbe akamkabidhi Mbaruku kamba ya mtamba. Machano naye akaletwa, amepungua uvimbe, aseme alilonalo.

Akasema. Tundu alilijua tangu mavuno, kabla ya kuku. Kila alipopita alipenyeza mkono akachota konzi moja, na wali wa mbegu, akaongeza, ni mtamu kuliko mwingine wote. Watu wakaguna. Zilipopimwa, konzi zake zilikuwa bado ndani ya fungu la panya, Mbaruku akapumua. Mzinga ulipotundikwa, Machano akaanza kukusanya makumbi ya nazi ili awafukize nyuki taratibu, siku yenye utulivu, aingie kwa nafasi. Lakini mbiu ikapigwa, na toka hapo kila akipita akakuta watu na kahawa. Ikambidi aparamie Ijumaa, bila moshi, achukue la kwanza na kukimbia.

Bi Nunu akasimama wa kwanza. "Mwizi aliingia. Nyuki hawakumzuia, mbiu haikumzuia. Kilichookoa mbegu ni alichotoka nacho mkononi, nami ndiye niliyekiweka. Na huyu Ngwali angetuletea wezi kumi, sema Mungu alituhurumia akaja mmoja."

Fundi Shebwana akasema, "Mwizi mwenye nafasi hufungua kanda kwanza. Akikuta pumba huvuka hatua nne kwenda kaskazini, nazo pumba zako, Bi Nunu, zingemsindikiza kwa macho tu. Nyuki wangu walimnyima nafasi ya kufungua. Na kama ningesikiliza vilio vya Mbaruku nikasukumia jiwe, leo tungekuwa tunagawana kifusi."

Ngwali akaweka pembe chini. "Mlimngoja mwizi atakayekuja, kumbe mwizi alikuwa mwenyeji. Nyuki hufukizwa. Pumba huonekana. Alichokosa Machano ni siku moja ya utulivu, na utulivu huo niliuharibu mimi, kwa mdomo wangu, huku Mbaruku akiniombea mafua."

Mbaruku akashtuka, maana hakujua kama dua zake zilisikika.

Akamtazama Bi Nunu, akaona kweli. Akamtazama fundi, akaona kweli. Akamtazama Ngwali, na ingawa hakupenda, akaona kweli. Aliwapenda wote watatu na aliwaogopa wote watatu. Mtamba alikuwa ameanza kutafuna upindo wa kanzu yake. Mkewe akamnong'oneza afanye upesi, ardhi imelowa na mji umenuna.

Basi ninyi mnaosikiliza, msiseme mtamba akatwe vipande vitatu, ana mimba. Wala msiseme apewe Machano kwa kuwa ndiye aliyesema yote bila kujisifu. Anayewaza hivyo tutataka kuiona mikono yake. Mvua inanyesha, makanda yako wazi, na hakuna punje itakayotoka mpaka jina litajwe.

Je, kamba aiweke katika mkono wa nani?