Nyumba ya Wageni wa Bwana Mkuu

Kisa hiki alinipa shangazi yangu Mwanamtama, huku ananisuka nywele.

Watoto wa kijiji cha Kidundu walikuwa wanasomea kwenye banda la mbuzi. Siku moja serikali ikaleta mabati na saruji. Bwana Mkuu wa wilaya akaita mkutano, akasema, "Nimeshaamua. Tunajenga nyumba ya wageni wangu wakubwa."

Bi Sikudhani, mpika chai wa mikutano, akainuka. "Umeamua vyema, baba. Ila wakubwa hawapendi kubanana. Weka vyumba saba, vipana."

"Viwe saba."

"Na mlingoti wa bendera pale mbele. Mgeni wa serikali bila bendera, jamani?"

"Uwekwe."

"Na ubao mweusi kila chumba, wachoree mipango yao. Na kengele, wakitaka chai nisikie."

Bwana Mkuu akacheka. "Mama huyu ana akili kuliko makarani wangu."

Siku ya kufungua akaja Waziri. Bi Sikudhani akagonga kengele, watoto wakaingia vyumbani na madaftari yao. Waziri akatazama ubao, akatazama bendera, akamshika Bwana Mkuu mkono. "Hongera. Sijafungua shule nzuri kama hii."

Bwana Mkuu akajibu, "Asante, mheshimiwa. Niliamua mwenyewe."

Haya, vuteni shuka mlale. Kesho kuna shule.